Monita pana ya bei nafuu au OLED? Tazama kwanza kazi yako na chumba chako

Swali hili naulizwa sana na vijana wanaoanza kuhariri video za harusi, na siku hizi hata na wahasibu wanaofanyia kazi nyumbani: mwenye pesa ya skrini moja tu achukue monita pana (ile iliyorefushwa kwa upana) ya bei nafuu, au ajikaze mpaka afikie OLED, aina ya skrini ambayo kila nukta yake inajiwashia mwanga? Nimefanya kazi kwa zote mbili, pana nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam na OLED kwenye studio ninayosaidia. Kwa mtu anayeshinda kwenye maandishi na majedwali, ndani ya chumba chenye mwanga wa mchana, namshauri achukue monita pana, hata kama pesa ya OLED anayo.

Uzuri wa OLED ni wa kweli kabisa. Izime taa ya chumba usiku, fungua picha ya bibi harusi mwenye gauni jeupe akiwa amesimama gizani, na utaelewa kwa nini watu wanaitolea pesa. Kila pikseli inatoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo penye weusi inazimika kabisa. Monita za kawaida zina taa nyuma ya paneli, na mwanga wake huvuja kidogo hata penye giza, ndiyo maana weusi wake huwa na ukijivu. Mwendo nao ni safi mno, kwani pikseli hubadilika kwa muda ulio chini ya milisekunde moja. Mwaka 2022 kampuni ya Alienware walipotoa monita ya OLED AW3423DW ya inchi 34, iliuzwa dola 1,299 na ilikuja na waranti ya miaka 3 inayohusu hata paneli kuungua, yaani kubakiwa na kivuli cha picha iliyokaa muda mrefu. Bei za OLED zimeshuka tangu hapo, lakini bado moja inaweza kukununulia monita pana mbili au zaidi za kawaida.

Ukiona mtengenezaji anataja kuungua kwenye waranti, ujue ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Malighafi inayotoa mwanga ndani ya OLED huchakaa kadiri inavyotumika. Ule mstari wa chini wa Windows wenye saa, vichwa vya safu za Excel, vitufe vya programu ya kuhariri, vyote hukaa palepale kutwa nzima. Pikseli za hapo huchakaa tofauti na jirani zake, na kivuli kinabaki. Ile ya studio ukiijaza kijivu kitupu, unaona kwa mbali mistari ya sehemu ya chini tunapopangia klipu. Na waranti? Nyingi ya hizi zinaingia nchini kupitia Dubai au kwa mizigo ya ndugu anayetoka Marekani. Uliza kabla ya kulipa ni nani hasa atakayekubadilishia paneli ukiwa hapa, maana paneli peke yake bei yake inakaribia ya monita mpya.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. OLED hufanya zoezi la kusawazisha pikseli zake baada ya saa kadhaa za matumizi, na hulifanya ikiwa imelala, skrini nyeusi lakini umeme upo. Sisi wengi tumezoea kuzima swichi ya ukutani kila tunapomaliza kazi, na tuna sababu, umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Ukiizima ukutani kila jioni unainyima zoezi hilo. Mwenye OLED anahitaji UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na anahitaji kuiambia familia nzima isiguse ile swichi.

Halafu kuna mwanga wa chumba. OLED nyingi zikionyesha ukurasa mweupe mtupu huishia karibu na niti (kipimo cha mwangaza) 250, wakati monita pana ya kawaida hufika 300 bila shida. Zile za QD-OLED, moja ya aina za OLED, jua la dirishani likizipiga, weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau. Herufi nazo, hasa kwenye matoleo ya mwanzo, huwa na rangi kidogo pembeni, kwa sababu nukta za nyekundu, kijani na bluu hazikupangwa kama Windows inavyotarajia. Anayesoma mikataba kutwa ataliona hilo mapema sana.

Monita pana ya inchi 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440 ina kimo kilekile cha monita ya kawaida ya inchi 27, ila imeongezewa upana. Nafungua taarifa ya benki kushoto na daftari la hesabu kulia, zote zinasomeka, bila fremu katikati. Kwa kuhariri video ni raha zaidi, wimbo mzima unauona umetandazwa mbele yako.

Ina kasoro zake. Paneli za VA, aina ya paneli ambazo ndizo nyingi kwenye bei ya chini, huacha ukungu mweusi unapoteremsha maandishi meupe juu ya giza. Kama hilo linakuudhi tafuta paneli ya aina nyingine, IPS, ingawa weusi wake ni hafifu zaidi. Kwenye mkutano wa Zoom ukionyesha skrini nzima, wenzako wenye laptopu wanaona herufi kama mchanga, kwa hiyo onyesha dirisha moja tu. Na usikubali inchi 34 yenye pikseli 2560 kwa 1080. Herufi zake zinakwaruza macho. Kwa pikseli hizo chukua inchi 29.

Nani basi achukue OLED? Anayesahihisha rangi za filamu kwenye chumba cha giza, na mcheza gemu anayebadilisha michezo mara kwa mara. Hao wainunue kwa moyo mkunjufu, ila isiwe ya mtumba kabla hawajaijaza kijivu kitupu na kuitazama pembe hadi pembe.

Kabla ya kulipia monita pana, nenda dukani na laptopu yako na uichomeke. Laptopu za zamani zenye HDMI 1.4 mara nyingi hukwama kwenye hezi 30 au 50 (mara picha inavyobadilishwa kwa sekunde), mshale ukawa unarukaruka. Kama yako ina tundu la USB-C linalotoa picha, tumia hilo, na hakikisha waya wake umo ndani ya boksi.