Pima urefu wako kabla ya kununua gari la kulalia safarini

SWALI: Yaya fundi, niko Lubumbashi, Kamalondo. Nataka kununua gari nilitengeneze liwe na kitanda, jiko na umeme wa jua, nisafiri na mama wa mtoto na kijana wetu wa miaka 6. Tutakwenda Likasi na Kolwezi, Zambia mara mojamoja, na siku moja Kundelungu tukaone maporomoko ya Lofoi. Nina urefu wa mita 1.83. Nichukue Toyota HiAce, Mercedes Sprinter au Land Cruiser 78?

JIBU: Mdogo wangu, umefanya vema kutaja urefu wako. Wengi hunifikia na gari walilokwisha kulinunua, ndipo tunagundua miguu haina pa kwenda. Hata Sprinter, pana kuliko zote tatu, ndani haifiki mita 1.80 kutoka ubavu hadi ubavu, na ukishabandika kizuia joto na triplexi (mbao za plywood) unapoteza sentimita nyingine kadhaa. Kwa hiyo gari lolote utakalochagua, wewe utalala kwa kufuata urefu wake.

Chaguo langu kwako ni HiAce ya mizigo, toleo lililoanza 2004, yenye sakafu ya karibu mita 3 na viti 3 mbele. Kitanda kichukue mita 1.90 nyuma ya viti. Mita 1.10 inayobaki ni ya jiko, na mtapika mmesimama nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, unaowakinga mvua. Kijana atalala amekingama juu ya viti vya mbele. Kwa umri wake anatosha bado. Gari likitembea akae kwenye kiti chenye mkanda, si kitandani. Ndani hutasimama wima, hilo inabidi ulikubali mapema.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. HiAce nyingi zilizotoka Japani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto tu, kwa kuwa huko wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia, basi ukisimama kando ya barabara ya Likasi mtoto anashukia katikati ya njia, malori ya madini yakipita. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, nako wanaendesha kushoto, unakuwa upande mzuri tena, lakini wewe hukai Zambia. Tafuta yenye milango miwili, hata kama bei inapanda.

Iliyokwisha kubeba abiria mjini iache. Madirisha yake yanaingiza joto na kukunyima ukuta wa kufungia makabati, achilia mbali uchovu wa mashine. Ukipewa yenye injini iitwayo 1KD, ya mazutu yenye turbo, fika alfajiri uiwashe ikiwa baridi. Ikigonga kama nyundo, shuku nozeli zake, zile zinazopuliza mazutu ndani ya injini. Injini iitwayo 5L haina turbo, inapanda mlima polepole, ila mafundi wengi wanaiweza.

Sprinter za kabla ya 2006 zinajulikana kwa kutu. Yenye paa la juu inaweza kukuruhusu kusimama ndani, ndiyo, lakini chungulia chini kwanza.

Land Cruiser 78 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 na matangi mawili ya mazutu, lita 90 kila moja, naipenda kuliko zote. Lakini watu watatu watabanana humo, na bei yake unaijua. Njia ya Kundelungu utaipita mara moja kwa mwaka, tena kiangazi. Kodi gari la 4x4 kwa siku hizo.

Uzito nao usiusahau. Triplexi moja ya milimita 18 inazidi kilo 30, kwa hiyo makabati yajengwe kwa milimita 9. Maji lita 60 ni kilo 60. Betri ya risasi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ina karibu kilo 30, na usiitumie kupita nusu. Friji ndogo ya kompresa inaweza kula Ah 30 hadi 40 kwa siku ya joto. Paneli ya wati 200 inairudishia jua likiwa zuri. Mawingu ya Januari yatakupa kidogo, basi uwe na njia ya kuchaji kutoka kwenye alternata, jenereta inayozungushwa na injini ya gari.

Kabla ya kulipa, chora kitanda na jiko kwa chaki kwenye sakafu ya gari lenyewe, mwite mama wa mtoto, mlale wote wawili milango ikiwa imefungwa. Mwenye gari atacheka. Mwache acheke, kisha pima nafasi kati ya matao ya magurudumu ya nyuma uniletee.