Askari wa Kwanza wa Mwili Dhidi ya Saratani

Swali: Habari za tiba ya kinga dhidi ya saratani hutaja seli za T tu, yaani askari wa kinga wanaofunzwa kumlenga adui maalumu. Je, kinga tunayozaliwa nayo haina kazi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ina kazi kubwa. Seli za NK, yaani “wauaji wa asili” walio sehemu ya kinga hiyo ya kuzaliwa, huishambulia seli iliyoficha alama zake za utambulisho, hila ileile ambayo saratani huitumia kuzikwepa seli za T. Katika kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, Marekani, watafiti walichukua seli hizo kutoka damu ya kitovu, wakazipachika kipokezi kinachoitambua CD19, protini iliyo juu ya seli za saratani hizo, kisha wakawapa wagonjwa 11 wenye saratani za limfu na damu. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa ugonjwa ulirudi nyuma kwa 8 kati yao, wala hakuna aliyepatwa na ile dhoruba ya kinga, yaani kinga kuchachamaa kupita kiasi na kuudhuru mwili, inayoogopwa katika tiba ya seli za T. Idadi hiyo, kwa maoni yangu, ni ndogo mno kushangiliwa. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha Anktiva, dawa inayochochea seli za NK na za T, itumike pamoja na BCG, chanjo yetu ya kifua kikuu, kwa saratani ya kibofu cha mkojo ambayo BCG pekee haikuiweza.