Maswali na majibu: Dagaa wengi, kolekole ana njaa

Kolekole akivamia kundi la dagaa, mbona hukosa mara nyingi? Si chakula kimemzunguka? (Mvuvi, Kilwa)

Kimemzunguka, ila hawezi kumeza kundi. Sharti achague mmoja, amkazie macho, amfukuze. Akimlenga huyu, wawili wanakatiza mbele yake, na wa kwanza kishampotea. Nenda bandani penye kuku 40 weupe watupu, ujaribu kumkamata yule uliyemkusudia. Mwaka 1974 watafiti Neill na Cullen waliwajaribu ngisi na samaki walao wenzao: kadiri kundi la mawindo lilivyokua, ndivyo mashambulizi yalivyozidi kutoka kapa.

Wanatosha wangapi kumchanganya mwindaji?

Wala si maelfu. Mwaka 1986 watafiti wengine, Landeau na Terborgh, walimwekea besi wa mdomo mkubwa (samaki huyu aliyepandikizwa pia Naivasha, kwao ni Marekani) kisamaki kimoja, akakinasa upesi. Vilipofika 8 alitapatapa. Kisha wakapaka buluu kimoja au viwili kati ya vile 8, na besi akaanza kushiba tena. Kinachonishangaza ni kwamba hakula vya buluu peke yake, hata vya kawaida alivipata kirahisi zaidi. Mwenye sura ya pekee aliwaponza na wenzake! Kundi lilipokuwa la 15, rangi haikumfaa besi kitu.

Nyumbu wa Serengeti kuzaa kwa pamoja nako ni kumchanganya fisi?

Kwa sehemu kubwa hilo ni jambo jingine. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache, mnamo Februari, na fisi ana tumbo moja: akishiba ameshiba, hata ukimwongezea ndama mia. Ulaji wake hupanda, kisha hutulia pale pale. Mwindaji aliyechanganyikiwa ulaji wake hushuka kabisa mawindo yakizidi, na njaa anayo.

Na nyangumi?

Wale wenye kuchuja maji kinywani hawachagui, basi hawana cha kuwachanganya. Kundi likishonana, ndiyo karamu. Sulisuli ana njia yake: hupiga kundi kwa mdomo wake mrefu, hujeruhi kadhaa, kisha huokota anayebaki nyuma.

Na wewe mvuvi wa Kilwa, wavu wako unaozungusha kundi zima usiku wa taa ni wa ukoo wa nyangumi.