Jibu: Helikopta kuteleza kabla ya kufungwa minyororo

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini helikopta yenu ya magurudumu huteleza meli inapoyumba, kabla wahudumu hawajafunga minyororo, ilhali wavu wa kamba wa kuzuia magurudumu kuteleza umetandazwa kwenye sitaha. Anza na wavu wenyewe: ushike kwa mikono miwili, uuvute juu kwa nguvu, na ukiinuka zaidi ya milimita 250 hivi kutoka kwenye sitaha, basi umelegea, jambo ambalo kamba ya mkonge hulifanya sana ikilowa na kukauka. Kaza kingo zake, ambazo hufungwa kila baada ya mita 1.5. Kisha kagua rangi ya kuzuia utelezi iliyo chini yake. Niliwahi kuhangaika na wavu siku mbili, kumbe tatizo ni mafuta juu ya rangi hiyo. Ikija helikopta yenye skidi, yaani vyuma virefu vya kutulia badala ya magurudumu, uondoeni wavu kabisa, kwani skidi hunasa.