Jibu: Fomu za kutathmini wahadhiri zinakwenda wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama fomu mnazojaza mwisho wa muhula kuwatathmini wahadhiri kuna mtu anayezisoma. Nimekaa miaka minne kwenye kamati ya ubora ya chuo kimoja cha umma hapa Unguja, nakujibu kwa nilichokiona.

Kwa utaratibu, kitengo cha uthibiti ubora kinazichambua, mkuu wa idara anapewa matokeo, kisha anakaa na mhadhiri wayazungumze. Nje ya chuo ipo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza 2005, na mamlaka yake yanafika hadi huku kwetu: ithibati, mitaala na kadhalika.

Pale kwetu fomu zilifungwa kamba, darasa kwa darasa, zikarundikwa chini ya meza. Kitengo kilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anafundisha masomo matatu. Zikija kuchambuliwa, wanafunzi wenyewe washahama darasa. Inaniuma khasa, maana mle ndani mna maneno ya haki. Mmoja aliandika: "Mwalimu anasoma slaidi tu, tukimuuliza anakasirika." Hilo mkaguzi wa nje halioni. Yeye anaoneshwa ripoti iliyoandikwa vizuri, na siku hiyo maabara inafunguliwa tangu asubuhi.

Kwa hiyo usiache kujaza, wala usiweke tiki tu ukaondoka. Andika wiki gani, mada gani, kilitokea nini. Halafu mwambieni mwakilishi wenu aulize kikaoni: matokeo ya muhula uliopita yako wapi?