Duka yangu haikufa, ilikatwakatwa

Umeuliza kwa nini zile duka za zamani za barabara kuu hapa Kakamega zinafungwa moja moja, kama ni supamaketi ndo zimezimaliza, na umesema uko na laki nne unataka kufungua yako. Mimi niliuza vitambaa pale miaka kumi na tano, 2003 mpaka 2018, kwa hivyo nitasema yale niliona kwa macho yangu, mwenye ameona tofauti aongezee.

Ya supamaketi wacha niimalize haraka. Supamaketi gani itakukatia mita mbili na robo ya tetroni ya maruni, kile kitambaa cha sare? Na hata kwa wale wa unga na sabuni, zile kubwa zilianguka zenyewe. Nakumatt iliyoanza na magodoro Nakuru iko wapi, Tuskys iliyoanzia pale Rongai iko wapi, Ukwala ikachukuliwa na Choppies ya Botswana, na Choppies nayo ikafunga virago ikarudi kwao. Kuna mama ako na duka ya kawaida karibu na stendi amewazika wote hao na bado anapima sukari ya robo.

Sasa yangu. Nyumba ilikuwa ile ya Kihindi unayoijua, mbele duka, nyuma stoo, nyuma zaidi vyumba vya kulala na ua wa simiti, halafu mbele kabisa veranda pana yenye nguzo. Baba yangu alikuwa fundi kwa hiyo veranda tangu Mhindi mwenyewe akiwa kaunta. Wahindi wengi walianza kutoka miji yetu baada ya ile sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliyowabana wasio raia, huyu wetu alikaa mpaka baadaye sana, akauzia mzee mmoja wa hapa, na mimi nikaja kupangisha kwa huyo mzee. Kodi ya kwanza elfu kumi na nne.

Watu hawaelewi hiyo veranda ilikuwa inafanya kazi gani. Nilikuwa na mafundi watano hapo na hakuna hata mmoja alinilipa shilingi. Mteja anakuja kwa fundi wake, fundi anamwambia ingia ndani uchukue mita tatu, anatoka anapimwa, halafu fundi mwenyewe anarudi kwangu mara nne kuchukua uzi, vifungo, zipu, kitambaa cha ndani. Yaani mwenye anauza nguo yenyewe ni fundi, mimi nashika tu rula na makasi. Siku moja fundi wangu wa suti aligombana na mimi ju ya kelele ya redio akahamia veranda ya jirani, na ndani ya mwezi mmoja wateja wa suti wote wakawa wa jirani! Nilienda kumrudisha na soda na maneno matamu.

Mitumba? Ilikuwepo kabla yangu. Wakati nafungua, kile kiwanda cha vitambaa cha KICOMI pale Kisumu kilikuwa kimeshakufa na Rivatex ya Eldoret imefunga, vitambaa vyote natoa Nairobi, vingi vya kutoka nje. Rivatex ilikuja kuzinduliwa upya 2019, mimi nishatoka. Lakini sare ya shule huwezi kupata mitumba, na kitenge cha harusi ya watu kumi na wawili wanaotaka kufanana huwezi kupata mitumba, hapo ndo tulikuwa tunakula. Januari peke yake ilikuwa inalipa kodi ya miezi mitano. Halafu shule moja ikaanza kuambia wazazi sare ni ya kununulia ofisini kwao tu, ikafuata ya pili, na mzazi hata kama ni bei mara mbili atafanya nini na mtoto anarudishwa getini.

Kitu kilichoniuma zaidi ya hiyo, na sijasikia mtu akikitaja, ni mwisho wa mwezi. Zamani mwalimu wa Shinyalu, wa Malava, wa Butere, lazima aje Kakamega kutoa mshahara benki. Anakuja na bibi, amevaa vizuri, anapiga foleni, akitoka anakula, anapita kwangu analipa deni la mwezi uliopita na kukopa lingine. Daftari yangu ilikuwa na walimu karibu tisini na nakuambia walikuwa wanalipa, si kwa sababu ni watu wazuri sana lakini kwa sababu lazima wapite mbele ya mlango wangu. M-Pesa ikaingia 2007, sikuona shida, nilifurahi hata. Halafu 2010 Benki Kuu ikaruhusu mabenki kutumia mawakala, na kufika 2012 hivi kila soko lina kibanda cha wakala, pale Khayega, pale Lubao, pesa inatokea hapo hapo kando ya nyanya. Mwalimu hana haja ya nauli tena. Na bodaboda zimejaa, na huko sokoni kumefunguliwa duka ya vitambaa ya mtu ambaye ananunua Nairobi pahali mimi nilikuwa nanunua. Wale tisini wakabaki kama ishirini. Deni nyingine nilipiga simu mpaka nikachoka, mtu anakuambia ‘nitakutumia jioni’, jioni ya mwaka gani sijui.

Bado ningeishi na hayo. Kilichonitoa ni hesabu ya mwenye nyumba, na hapa ndo nataka usome vizuri ju ya hizo laki nne zako.

Masinde Muliro hapa mjini ikawa chuo kikuu kamili 2007, wanafunzi wakajaa. 2013 ikaja serikali ya kaunti, na wafanyakazi na wageni wa mikutano. Kila mtu akataka nafasi mjini, lakini si nafasi kubwa kama yangu, anataka pahali pa kutundika jinzi ishirini na kioo, au kaunta ya simu na vocha. Kodi yangu ikapanda mpaka elfu hamsini na tano. Mzee alipofariki mtoto wake alikuja asubuhi moja na tepu. Hakuniambia kitu, akasalimia vizuri tu akaanza kupima ukuta, mpaka stoo, mpaka ule ua wa nyuma. Nikajua. Aliikata akatoa stoli kumi na nne, vibanda vya futi sita kwa sita, kila moja elfu tisa kwa mwezi. Piga hesabu, hiyo ni laki na ishirini na sita mahali mimi nilikuwa nalipa hamsini na tano. Na kabla ya kuingia kila mmoja akatoa gudwili, ile pesa ya kuingilia mbali na kodi, ya laki na ishirini, hiyo peke yake ni zaidi ya milioni moja na nusu imeingia mfukoni kwa wiki mbili. Mimi hata ningekuwa yeye ningefanya hivyo, siwezi kudanganya.

Kuna mwenzetu ameleta mfano wa Uingereza, vile kampuni ya Woolworths ilifunga duka zake 807 kufika Januari 2009 na mitaa ikabaki na vioo vitupu. Sisi hatuna hiyo shida. Hapa chumba hakikai tupu wiki mbili. Ukipita utaona watu wengi kuliko zamani, taa nyingi, muziki, lakini hakuna mtu anaweza kuweka marobota arobaini ya kitambaa kwa futi sita, na veranda nayo ilijengwa ikawa stoli mbili za mbele, zile za bei ghali. Mafundi wangu walitawanyika, wawili walirudi nyumbani, mmoja anashona pale nyuma ya soko, na mteja akitaka suti sa hii anaoda onlaini au anaona kwa TikTok inatumwa na basi ya usiku kutoka Nairobi. Haikuwa onlaini ndo ilitutoa, onlaini ilikuta tumeshatoka.

Sasa kwako. Gudwili hairudi, na wengi hawakupi risiti, wanakupa maneno. Mimi nilipewa wiki tatu kwa mdomo nikatoka kama kondoo, kumbe kuna sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, ambayo kama huna mkataba wa kuandikwa, au mkataba si zaidi ya miaka mitano, mwenye nyumba lazima akupe notisi ya maandishi kwa fomu yake maalum, si chini ya miezi miwili, na unaweza kwenda kwa lile baraza la kodi za nyumba za biashara (Business Premises Rent Tribunal) kupinga kabla hiyo miezi haijaisha. Ndo maana utaona wengine wanakuletea mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu si zawadi, ni ya kukutoa chini ya hiyo sheria, kwa hivyo ukiona hivyo soma kifungu cha kupandisha kodi na cha kutolewa kabla hujaweka sahihi, mpelekee mtu anayejua hata kama atakula elfu tatu zako.

Mimi bado niko ndani ya nyumba ile ile, stoli ya nne mkono wa kushoto, nauza uzi, zipu na vifungo kwa mafundi waliobaki. Nililipa gudwili kama wengine, alinipunguzia elfu ishirini kwa sababu ya baba. Tuambie hiyo nyumba unayotaka ni ile ya karibu na posta ama ile ya juu kuelekea hospitali, ju ile ya juu kuna mambo ya familia nayajua na sitaki kuyaandika hapa.