Jibu: Eneo lenye mafuta likijitenga, pesa zote zitabaki kwake?

Salaam ndugu. Umeuliza kama Bunyoro, eneo la magharibi mwa Uganda yetu, ingetajirika ikijitenga pamoja na mafuta yake ya Hoima. Kabla ya kuhesabu mapipa, angalia bomba linapita wapi.

Tazama jirani zetu Sudan Kusini. Walipopata uhuru Julai 2011 walichukua takriban robo tatu ya mafuta ya Sudan nzima, lakini bomba na bandari vilibaki kaskazini. Wakagombana juu ya ada ya kusafirisha, na Januari 2012 Juba ikafunga visima. Mafuta yalikuwa karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali! Uzalishaji ulirudi 2013 tu, mishahara na bei za sokoni zikiwa zimeshaumia. Kisha vita vya Sudan vikaharibu bomba hilohilo mwaka 2024.

Bomba la Hoima lina kilomita 1,443 hadi Tanga, na lazima lipashwe moto kwa sababu mafuta yetu yana nta, huganda. Kwa hiyo ada, umeme na ulinzi vyote vingetegemea majirani.

Halafu uliza madeni yatagawanywaje, na sarafu itakuwa ipi. Kwangu mimi, kudai mgao mkubwa wa mrabaha (malipo ya kampuni za mafuta kwa serikali) kuliko asilimia 6 ya sasa kwa wilaya kuna faida ya haraka zaidi.